Wazee wetu wapimwe masikio jamani

Mhariri, naomba nafasi niseme na watu wa Mombasa. Mzee akianza kuongeza tivii sauti, kila saa "eeh?", ama asikia sauti lakini maneno hayashiki hasa watu wakiwa wengi, sisi twasema ni uzee ama kiburi, kumbe masikio yanapungua na kungoja miaka si vizuri. Apelekwe kupimwa kwanza, pengine ni nta tu imeziba, na tafadhali msimnunulie vile vidude vya kukuza sauti vya mtaani, kifaa chenyewe cha kusaidia kusikia husetiwa kulingana na vipimo vya masikio ya mwenyewe.

Na hapa pwani joto la kaskazi na jasho ndio adui mkubwa wa hivi vifaa. Usiku kivuliwe, kipanguswe na kitambaa kikavu, betri itolewe kimlango kiachwe wazi, kisha kiwekwe kwenye kikopo cha kufunika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Maji hapana, spiriti hapana. Kikinyamaza ghafla angalieni kile kitundu cha kutolea sauti, mara nyingi ni nta imeganda hapo, kabla hamjakimbilia kununua kipya.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa