Shukrani kwa mzee wetu wa Mji wa Kale, Mombasa

Mzee wetu, shikamoo na asante. Tarbia (mashairi ya mishororo minne kila ubeti) za darasa la uandishi zilikuwa zimejaa koma kila pumzi ilipokatika, na mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, hazikulingana. Ulikuja Jumamosi 3 mfululizo ukawapigisha wanafunzi makofi, kofi moja kwa kila silabi: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), 8 za utao (nusu ya pili). Koma ikabaki baada ya kina cha kati, silabi inayofunga ukwapi: "Bahari yetu ni pana, samaki wake ni wengi."

Kosa lenyewe ukaliona upesi. "Mtu" walihesabu mizani 1, wakajaziliza "tu" pasipohitajika. Kumbe "m" hiyo ni silabi kamili, tofauti na ya "mbuzi", inayotamkwa pamoja na "bu". Na kalamu nyekundu hukuigusa; kila mtoto alijisahihisha. Nanyi wajuzi wa ushairi wa Likoni na Kisauni, shule za jirani zinawangoja.