Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Mayai Mengi

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na habari za masiku. Safari hii taarifa nimeiandika ili kila mtu aisome nyumbani kabla ya mkutano mkuu. Mwaka jana niliisoma kwa mdomo, na nusu yenu mlikuwa jikoni mkiulizia biriani.

Tulipoanza kukutana hapa Leicester, sisi wafuga nyoka, hofu yetu ilikuwa moja tu: kwamba nyoka wetu hawatazaa. Wengi wetu tumetoka Tanga, Mombasa na Bujumbura, tumekulia majumba ambayo nyoka akionekana uani hupigwa kwa mchi kwanza, maswali baadaye. Hatukuwa na wazee wa kutufundisha kumlea. Basi mwaka huu wamezaa, na tabu zote ninazozieleza hapa zimetokana na dua hiyo kukubaliwa.

Nianze na waliozaa bila kuombwa. Ndugu yetu wa Coventry alinunua nyoka wa mahindi (corn snake) jike, akamweka peke yake, na miezi kadhaa baadaye akakuta mayai ndani ya kisanduku. Alinipigia simu saa tano za usiku. "Dada, mimi dume sina!" Nilimwambia atulie: jike wa nyoka huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi, kwa hiyo baba alibaki kwa mwenye nyoka wa awali. Tena wapo wasiohitaji baba kabisa. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, chatu aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai 7, na hakuwa amekaribiana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Na hapa hapa Uingereza, mwaka 2024, chuo kimoja cha Portsmouth kilikuwa na boa, nyoka azaaye watoto bila kutaga, aliyekaa peke yake na kudhaniwa dume, jina lake Ronaldo. Ronaldo akazaa watoto 14. Mtu akikuuzia "dume", mwombe amkague mbele yako.

Sasa nije kwenye joto, ambako mimi mwenyewe ndiye mshtakiwa. Mayai ya chatu mpira, huyu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme, hutaka nyuzi 31 hadi 32 kwa siku zipatazo 55 hadi 60. Hayageuzwi kama ya kuku. Unaweka alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ubaki juu mpaka mwisho. Mwenzetu mmoja anayetumia mita ya kulipia kabla (sisi twaiita luku tu) aliishiwa umeme usiku wa manane. Akaamka na kukuta mashine ya kutotolesha imepoa kama chumba. Alilia, nami nikampa pole kama ya msiba. Mayai yale yaliangua, yakichelewa siku chache tu.

Mimi luku yangu ilikuwa imejaa. Ila kile kipimo cha thamostati (chombo kinachodhibiti joto), ule waya wenye kichwa kidogo, kilichomoka kwenye boksi la mayai nilipokuwa nafuta vumbi, kikaning'inia nje kwenye baridi. Thamostati ikasoma baridi ikaongeza moto, ikasoma baridi ikaongeza tena. Mayai yangu saba yalipikwa. Niliyapasua yote, na mawili yalikuwa na watoto waliokwisha kuota magamba. Tangu siku hiyo kipimo changu kimefungwa kwa kamba ya plastiki, na ndani ya boksi kuna kipimajoto cha pili kisichohusiana na mashine. Fanyeni hivyo kesho, msingoje mkutano. Mayai huvumilia baridi ya usiku mmoja, lakini moto hayauvumilii.

Kuhusu kulisha nitasema kwa ufupi, maana kila mmoja ana kisa chake. Mtoto wa chatu mpira hali mpaka ajivue gamba la kwanza, kama wiki moja au siku kumi baada ya kuanguliwa, na hata hapo wapo wanaogoma kwa majuma. Watoto wa nyoka wa mahindi ni wembamba kama kamba za viatu, na hutaka panya wa siku moja asiye na manyoya. Wengine hawamtaki panya mpaka apakwe harufu ya mjusi. Mjusi Leicester utampata wapi? Bibie mmoja alitunza gamba la mjusi aliyepewa na rafiki, akalitumia kama watu wanavyotumia karafuu.

Panya hao hukaa friza. Mama mkwe wangu alifungua friza akitafuta samaki wa futari, na kilichofuata sitakiandika. Ila jambo lenyewe si la mzaha. Tangu 2015 watu zaidi ya 800 hapa Uingereza wameugua salmonela, vijidudu vya kuharisha, iliyohusishwa na panya wa kulishia wanyama, na wengi waliougua walikuwa watoto. Tafuteni friza ndogo ya peke yake. Msiyeyushe panya kwenye sinki la vyombo, na watoto wenu wanawe kwa sabuni wakimaliza kumshika nyoka. Nimechoka kulirudia hili kwenye kikundi cha simu.

Upo pia ule mvuto wa rangi. Mfugaji Bob Clark alipozalisha chatu mpira albino huko Marekani mwaka 1992, na mwenzake Peter Kahl alipothibitisha mwaka 1997 kwamba mabaka meupe hurithiwa, nyoka mmoja aliuzwa kwa bei ya gari. Baadhi yetu bado tunapiga hesabu za miaka ile. Leo chatu wa rangi ya kawaida ukimgawa bure unaulizwa kama unatoa na kisanduku. Katika kukimbiza rangi, wawili wetu walizalisha ile aina ya "buibui", yenye mistari myembamba. Jeni inayoleta mistari hiyo huharibu sikio la ndani. Utafiti wa 2022 ulionyesha kasoro zenyewe kwa picha. Mtoto anatikisa kichwa, anapinduka chali, anamkosa panya aliye mbele yake. Kamati imekubaliana kwamba aina hiyo haitazalishwa tena ndani ya chama. Najua kuna aliyenuna. Aje tuzungumze.

Halafu, watoto waende wapi? Hili ndilo lililoninyima usingizi. Jike mmoja wa nyoka wa mahindi hutaga mayai 12, hata 20 na zaidi, na mwaka huu majike wanne walitaga. Kuachia nyoka wa kigeni porini ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 1981. Posta haimpokei nyoka. Na anayeuza kwa njia ya biashara hapa England anahitaji leseni ya halmashauri kwa kanuni za wanyama za 2018. Pauni 1,000 za mapato kwa mwaka ni mojawapo ya vipimo wanavyoangalia kujua kama ni biashara. Mtu anayesema "nauza wawili watatu tu" aanze kuhesabu.

Pendekezo langu kwa mkutano ni hili: kabla dume hajaingizwa kwa jike Novemba, mwanachama aandike majina ya watu watakaopokea watoto, na awe na visanduku vya kutosha kwa watoto watakaokosa wa kuwachukua. Asiye na orodha asipandishe. Mayai yasiyotarajiwa, kama yale ya Coventry, yagandishwe siku ile ile yanapotagwa, kabla kijusi hakijakua zaidi. Litakuwa na ubishi, na ndiyo maana nimeliweka mwanzo wa ajenda, kabla ya chakula.

Hesabu ataziwasilisha mweka hazina. Nafasi ya katibu iko wazi. Dume wangu nimeshamhamishia chumba kingine.

Kwangu wamebaki watoto kumi na mmoja wa nyoka wa mahindi, wote wanakula, wote wamejivua gamba mara mbili. Anayemtaka aje na kisanduku chenye kifuniko cha kubana. Safari iliyopita mtu alikuja na mfuko wa sokoni, na tulimpata nyoka siku ya tatu, ndani ya kiatu cha mume wangu.