Chungu cha masikio mawili si ngata

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nisahihishe sentensi moja ya makala ya elimu mliyoichapa wiki iliyopita. Mwandishi alizieleza vizuri nyuso za Riemann (nyuso ambazo pembe hupimika juu yake) kwa kuzifananisha na vyombo vya nyumbani, lakini akahitimisha kwamba uso wowote uliofungika, usio na ukingo, una mageuzo ya ulinganifu yasiyo na idadi, yaani njia za kuusogeza ukajifunika wenyewe huku pembe zote zikibaki vilevile. Wanafunzi wawili wa hapa Tabora waliniletea gazeti hilo wakiamini hivyo, nami nikaona haitoshi kuwasahihisha wao peke yao.

Mfano wake wa ngata ni sahihi. Ngata anayojitwika mama chini ya ndoo ina tundu moja, na uso wa namna hiyo waweza kutelezeshwa kidogo au sana, upendavyo, ukajifunika wenyewe bila pembe yoyote kuharibika. Mpira nao una mageuzo yasiyohesabika. Kosa linaanzia kwenye chungu chenye masikio mawili, kila sikio likiwa na tundu lake, kwani matundu yakishafika mawili au zaidi, mageuzo hayo huwa na idadi yenye mwisho. Mwanahisabati Hurwitz alionyesha mwaka 1893 hata kikomo chake: chukua idadi ya matundu, toa moja, kisha zidisha kwa 84. (Hapa hatuhesabu mageuzo yanayopindua uso kama kioo kinavyopindua sura.)

Sababu yake inastahili kuelezwa, maana ndiyo iliyoachwa. Chagua nukta moja ya uso wenye matundu g, utafute fanksheni (kanuni zinazoipa kila nukta namba yake) zinazokua bila kikomo kwenye nukta hiyo tu na si penginepo. Ukali wa ukuaji huo hupimwa kwa namba kamili 1, 2, 3 na kuendelea, na katika namba hizo daima kuna g ambazo hazipati fanksheni. Karibu kila mahali zinazokosa ni zile za mwanzo, yaani 1 hadi g. Mahali pachache ambapo mpangilio huo unavunjika ndipo penye nukta maalumu, ziitwazo nukta za Weierstrass. Geuzo la ulinganifu haliwezi kuipeleka nukta maalumu mahali pa kawaida, bali huzibadilishia nafasi tu, kama abiria wanaobadilishana viti ndani ya behewa lilelile, na namna za kubadilishana viti zina hesabu. Tena, geuzo linaloiacha kila nukta maalumu mahali pake, ama halisogezi chochote, ama ni lile moja la pekee lililomo katika nyuso za aina ya hipaeliptiki, yaani zile zinazoweza kuufunika mpira mara mbili.

Kikomo chenyewe hakifikiwi kila mara. Kwa matundu mawili hesabu ya Hurwitz inatoa 84, ilhali uso wenye ulinganifu mwingi kuliko zote za aina hiyo una mageuzo 48 tu. Kwa matundu matatu kinafikiwa barabara: uso aliouchunguza mwanahisabati Klein mwaka 1879 una mageuzo 168 na nukta maalumu 24, na kila nukta maalumu huachwa mahali pake na mageuzo 7, likiwamo lile lisilosogeza kitu. Wanafunzi wangu walizidisha 24 kwa 7 ubaoni, wakapata 168, wakaikanusha hoja ya gazeti wenyewe.

Naomba basi mchape kwamba sentensi ile ni kweli kwa mpira na ngata peke yake.

Mwalimu wa hisabati,
Tabora.