Samurai na mkulima: ukuta ulijengwa baadaye

Mhariri,

Naomi nafasi nisahihishe jambo linalonikera kila habari za Japani ya kale zinapoandikwa kwa Kiswahili. Samurai, yaani askari wa mabwana wa huko, huelezwa kana kwamba tangu enzi na enzi upanga ulikuwa wao peke yao, na mkulima kazi yake kuinama tu. Sivyo.

Ubaguzi wa daraja ulikuwepo, wala siukatai. Sheria ya watawala wa kijeshi waliokaa mji wa Kamakura, ya mwaka 1232, yenye vifungu 51, ilipima adhabu kwa cheo cha mkosaji. Samurai aliyeghushi hati alinyang'anywa ardhi, na asiye na ardhi akahamishwa mbali. Mtu wa chini, kwa kosa lilelile, alipigwa chapa ya moto usoni. Uso huo ndio aliokwenda nao sokoni mpaka anakufa.

Lakini vijijini mambo yalichanganyika. Walikuwako jizamurai, watu waliolima mpunga wao na kushika silaha bwana alipowaita. Mwaka 1485, huko Yamashiro kusini mwa Kyoto, wapiganaji wa vijijini na wakulima waliungana wakayatimua majeshi mawili ya ukoo wa Hatakeyama, yaliyokuwa yakigombana mashambani mwao. Wakajitawala miaka ipatayo 8! Hao hawakuwa wanyonge mikono mitupu.

Aliyewatenga samurai na mkulima ni mtawala Toyotomi Hideyoshi, na hapa ndipo ninapoumia, maana yeye mwenyewe alitoka katika familia duni ya kijijini, katika jimbo la Owari. Alianza kama mtumishi mdogo wa bwana wa vita Oda Nobunaga, akapanda kwa vita hadi mwaka 1585 akawa kampaku, mshika madaraka kwa niaba ya mfalme. Mwaka 1588 akaamuru wakulima wanyang'anywe panga, mikuki na bunduki, akiwaambia chuma hicho kitakuwa misumari ya jengo la sanamu kubwa ya Buddha, nao watapata heri duniani na akhera. Mwaka 1591 akapiga marufuku askari kugeuka mkulima au mfanyabiashara, na mkulima kuacha shamba akachuuze. Kijana wa kijijini aliyezaliwa mwaka huo alifungiwa njia ileile iliyomfikisha Hideyoshi juu.

Nawaomba basi waandishi wenu, mkimtaja samurai, mtutajie na karne yake. Yule wa Yamashiro mwenye tope la mpunga miguuni si huyu wa baadaye, anayekaa mjini chini ya ngome ya bwana wake akipimiwa mchele wa mshahara.

Msomaji wenu,
Morogoro