Barua kwa mwanangu: grafu yako ya kupoa

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kwa nini grafu yako ya joto la maji ya moto yanayopoa kikombeni haikunyooka. Kabla ya kulaumu kipimajoto, tazama ulichochora. Kanuni ya kupoa ambayo mwanasayansi Newton aliitoa mwaka 1701 haihusu joto la maji peke yake. Inahusu tofauti kati ya maji na hewa inayoyazunguka, na kasi ya kupoa hufuata tofauti hiyo. Chukua maji ya nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 25: tofauti ni 60. Yakifika 55 baada ya dakika 15, dakika 15 zijazo hayatafika 25. Yatafika 40, kisha 32.5, kwa sababu kila mara tofauti inakatwa nusu. Basi toa 25 kwenye kila kipimo, tafuta logi asilia (ln kwenye kikokotoo) ya kinachobaki, ndipo uchore dhidi ya muda. Mteremko utakuwa hasi, karibu 0.046 kwa dakika.

Sasa hewa ya Dodoma. Ni kavu mno, na kikombe kilicho wazi hupoteza joto jingi kwa mvuke, njia ambayo kanuni hii haiihesabu. Ndiyo inayopoza maji ya mtungi hadi chini ya joto la chumba. Maji yako nayo yakishuka chini ya 25, utakuwa unatafuta logi ya namba hasi, ambayo haipo. Funika kikombe, toboa matundu mawili, la kipimajoto na la kijiti cha kukorogea.

Upepo wenyewe si adui. Ukivuma kwa kasi moja, kama wa feni, kanuni hutimia vizuri kuliko kwenye hewa iliyotulia. Unaoharibu ni ule wa Julai unaopitia dirishani kwa vipindi. Kila ukibadilika, mteremko nao unabadilika.

Weka kikombe juu ya ubao, kwani sakafu ya saruji hunyonya joto kutoka chini. Koroga kabla ya kila kipimo, na pima joto la chumba kila dakika 5, mbali na kikombe na jua. Kipimajoto cha homa usikiguse: huishia nyuzi 42, kitapasuka. Na maji yakichemka kwenye nyuzi 96 hivi, usiandike 100. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Ukirudia, tumia ujazo uleule, tuseme mililita 200. Mililita 100 kwenye kikombe hicho hicho zitapoa haraka zaidi, na namba zako hazitalinganishika.

Baba yako