Diski ya akiba isiachwe imechomekwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo wasomaji wanaoamini mafaili yao yako salama kwa kuwa wana diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Diski hiyo itakufaa kompyuta ikifa, lakini kwa mengine haikusaidii. Mwizi huondoka na vyote viwili. Umeme ukipanda ghafla unaweza kuviunguza vyote kwa pamoja. Na virusi vinavyofunga mafaili kisha kudai fedha, mfano wa WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017, hupita kila diski ambayo kompyuta inaiona, pamoja na folda za pamoja za ofisi. Chomeka diski wakati wa kunakili tu. Ukimaliza, iondoe kwa njia salama kupitia kompyuta kabla ya kuivuta, kwa sababu huenda sehemu ya data bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta na haijaandikwa kwenye diski.

Wengine hutegemea folda inayojisawazisha na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kazi ya huduma hizo ni kufanya vifaa vyako vyote vifanane, kwa hiyo ukifuta faili kwenye kompyuta, na kule linafutwa. Lililoharibika nalo hupanda likiwa bovu na kukalia lile zima. Pipa la taka la Google Drive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. Anayegundua baada ya miezi mitatu kwamba folda ya hesabu haipo amekwisha kuchelewa. Wingu litumike, ila liwe nyongeza.

Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala 3, ukihesabu na faili la asili, ziwe kwenye vifaa 2 tofauti, na 1 ikae jengo jingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa mno. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva za OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva na hifadhi ya data, mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao data zao hazikurudi. Kwa mtu binafsi au ofisi ndogo, diski mbili za nje zinatosha: moja inakaa karibu, nyingine kwa mtu unayemwamini, na kila wiki mnabadilishana. Nakala ya kwanza ifanyeni kwa diski hata kama mnalipia wingu, kwa maana GB 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua takriban saa 44 mfululizo.

Kunakili kwenyewe kuna mitego. Diski iliyoandaliwa (kufomatiwa) kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili la GB 4 au zaidi. Iandaliwe kwa exFAT au NTFS ikiwa bado tupu, maana kuiandaa upya hufuta vyote. Programu ya uhasibu ifungwe kwanza. Faili la databesi, yaani hifadhi ya kumbukumbu za programu hiyo, likinakiliwa huku programu inaliandika, sehemu moja ya nakala inakuwa ya kabla ya mabadiliko na nyingine ya baada, na siku ya kulihitaji linagoma kufunguka. Kama programu ina kitufe chake cha kutoa nakala, tumia hicho. Wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, wawe makini sana na /MIR: huifanya folda inayopokea ifanane kabisa na ile inayotoa, hata kwa kufuta. Ukikosea ukaitaja diski tupu kuwa ndiyo inayotoa, inakufutia mafaili ya asili.

Hata nakala iliyofuata yote haya haiaminiki mpaka irejeshwe. Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, ilifuta kwa bahati mbaya databesi yake kuu, kisha ikakuta nakala za kila siku hazikuwapo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na databesi, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, iliyotolewa kwa mkono kwa kazi nyingine.

Basi kila mwezi chukua kompyuta tofauti, rejesha folda moja nzima, na uyafungue mafaili: picha, hesabu, barua. Kuona majina yake kwenye orodha hakutoshi, kwani faili bovu nalo lina jina. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, jaribio hilo ndilo litakaloonyesha kama ile namba ya urejeshaji yenye tarakimu 48 ipo mahali inapofikika. Iandikwe kwenye karatasi na itunzwe mbali na diski. Wakuu wa ofisi wamtaje kwa jina mtu wa kufanya jaribio hili, na siku atakayolifanya.

Wako,
Fundi wa mifumo ya kompyuta