Spidwei ya Uingereza inawaadhibu wanaolea chipukizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mchezo ambao kurasa zetu za michezo huugusa kwa nadra, nao ni mbio za pikipiki za spidwei, na hasa kuhusu hali ya klabu za madaraja ya chini hapa Uingereza ninakoishi. Mwezi Julai 2024 Uingereza ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu za taifa, Speedway of Nations, hapa hapa Manchester, miaka mitatu baada ya ushindi wa 2021 uliomaliza ukame wa mataji ya dunia ya timu uliodumu tangu 1989. Wapenzi wengi wa mchezo waliyachukua mataji hayo mawili kuwa ushahidi kwamba malezi ya vijana yanakwenda vizuri. Mimi naona walioshinda walilelewa na mfumo ambao sasa unabomoka, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba sehemu ya ubomoaji huo inafanywa na kanuni za mchezo wenyewe.

Kwa wasioufahamu, spidwei huwakutanisha waendeshaji wanne wanaoshindana kwa mizunguko minne kwenye njia ya duara refu iliyotandazwa kokoto laini za mwamba, wakitumia pikipiki za cc 500 zinazochoma methanoli, zenye giya moja na zisizo na breki kabisa. Kona hukatwa kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze upande. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na anayeshika mkia hatoki na kitu. Mechi ya klabu mbili kwa kawaida huwa na mbio 15. Ufundi wa namna hiyo haupatikani kwa kutazama wakubwa, bali huhitaji njia halisi, muda mwingi wa mazoezi, na ligi ambayo kijana anaweza kuanguka wiki hii na kushika mkia wiki ijayo bila kufukuzwa kazi.

Ligi hiyo ni daraja la tatu. Imeitwa Academy League mwaka 1995, Conference League kuanzia 1996, National League kuanzia 2009, na sasa National Development League (jina, kwa bahati mbaya, limekuwa rahisi kubadilisha kuliko bajeti). Tai Woffinden, aliyekuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018, aliingia katika spidwei ya Uingereza mwaka 2006 kupitia daraja hilo, akiwa na klabu ya Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma ambao Mwingereza wa kawaida hawezi kuutaja anapoulizwa vituo vya michezo nchini mwake. Dan Bewley, aliyekuwamo katika timu za 2021 na 2024, alitoka kwenye motokrosi akapikwa na Belle Vue Colts, kikosi cha vijana cha Belle Vue ya hapa Manchester. Naye Tom Brennan, chipukizi wa timu ya 2021, alikuzwa na Eastbourne, ambayo uwanja wake wa Arlington uliendesha mbio tangu 1929. Klabu hiyo ilijiondoa kwenye ligi mwezi Agosti 2021 kwa sababu za fedha, na mwezi Oktoba kijana wake akavikwa medali ya dhahabu.

Kufungwa kwa Eastbourne hakukuwa ajali ya peke yake. Stoke walipoteza uwanja wao wa Loomer Road mwishoni mwa msimu wa 2019, Newcastle wakajitoa katikati ya msimu wa 2022, Peterborough wakaondolewa kwenye uwanja wao wa maonyesho baada ya msimu wa 2023, na mwaka huohuo mbio zikakoma Wolverhampton. Coventry, ambako mbio zilianza 1928, hawajarudi kwenye uwanja wao wa Brandon tangu 2016. Baadhi ya klabu hizi zilikuwa kubwa, lakini hatima yao inawahusu wadogo moja kwa moja, kwa kuwa klabu kubwa inapofungwa hufungwa pamoja na kikosi chake cha vijana na siku za mazoezi zilizowahudumia majirani.

Chanzo kinachotajwa sana ni ardhi, na ni kweli. Klabu nyingi ni wapangaji tu. Zinashirikiana uwanja na mbio za mbwa au magari, haziwezi kuchagua siku ya mechi, na mwenye uwanja akipata ofa ya kujenga nyumba za kuishi hakuna mkataba wa kumzuia kwa muda mrefu. Hata klabu iliyo mbali na mji haiko salama. Uwanja wa Mildenhall ulioko West Row, Suffolk, ulianza mbio mwaka 1975 kwenye mashamba tambarare ambako majirani ni wachache. Mwaka 2006 watu wawili walinunua nyumba chini ya kilomita moja kutoka hapo, wakashtaki kwa sababu ya kelele, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2014 iliamua kwa upande wao. Mahakama ilikataa hoja kwamba aliyeikuta kelele hana haki ya kuilalamikia, ingawa ilifungua mlango kwa majaji kutoa fidia badala ya amri ya kuzuia. Sina ugomvi na sheria hiyo, kwani mwenye nyumba naye ana haki ya kulala. Lakini fikiria kesi ya miaka mingi inaigharimu nini klabu ambayo mapato yake ni kiingilio cha langoni na mauzo ya chai.

Muda wa kujifunzia nao umepungua. Zamani, baada ya mechi kulikuwa na kile kilichoitwa nusu ya pili, yaani mbio za ziada ambamo wanafunzi waliingia njiani mbele ya watazamaji waliobaki. Mechi zilipoongezewa mbio za ligi, na masharti ya saa ya kuzima injini yakakazwa, nusu ya pili ikanyauka. Leo kijana hulipia siku ya mazoezi, tena si kila wiki, na huenda akalazimika kusafirishwa na baba yake kwa saa kadhaa kuifuata njia iliyo wazi. Juu ya hapo kuna injini inayotakiwa kufunguliwa na fundi kila baada ya mechi chache, matairi ya nyuma yanayoisha upesi, mavazi ya ngozi, gari la kubebea pikipiki na mafuta yake. Malipo ya daraja la tatu hutegemea pointi, na kwa kijana anayepata mbili au tatu kwa usiku hayafidii hata nauli. Wazazi wa motokrosi wa Nairobi na Kampala hawahitaji kuelezwa habari hii, kwani wao pia ndio wadhamini wakuu wa watoto wao. Nayo klabu haina pa kubana matumizi, kwa kuwa mbio haziruhusiwi kuanza bila daktari na gari la wagonjwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa katika mchezo usio na breki. Mvua ikinyesha saa moja kabla ya mbio, gharama nyingi zimekwishaingia na langoni hakuna kitu.

Hayo yote yanajulikana, na viongozi wa mchezo huyataja kila wanapohojiwa. Wanalolipita kimyakimya ni kanuni ya wastani, na hapa ndipo naomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Kila mwendeshaji hupewa wastani unaopatikana kwa kuchukua pointi zake, pamoja na za nyongeza (anazopewa akimaliza nyuma tu ya mwenzake wa timu), kuzigawa kwa idadi ya mbio alizoshiriki, kisha kuzidisha kwa nne. Asiyeshindwa kamwe ana 12. Ligi huweka kikomo, na klabu inapounda kikosi cha msimu mpya jumla ya wastani wa waendeshaji wake haitakiwi kukivuka. Nia ya kanuni hii ni nzuri: inazuia tajiri kununua mabingwa wote, na mechi zinabaki na ushindani. Tatizo ni kwamba kikomo hakitofautishi nyota aliyenunuliwa na kijana aliyelelewa nyumbani. Tuseme klabu ndogo inachukua vijana wanne wenye wastani wa 3 kila mmoja, inawavumilia wanapoanguka, inawatafutia fundi na kuwaombea udhamini kwa mwenye duka la jirani, na mwisho wa msimu kila mmoja amefikia 5. Kikosi kimeongezeka pointi 8 bila kununua mtu hata mmoja, na huenda sasa kimevuka kikomo. Klabu inalazimika kumwacha mmojawao, na mara nyingi anayeachwa ni yule aliyepanda zaidi, kwa sababu ndiye anayekula nafasi kubwa ya hesabu. Ni kama mkulima kuamriwa akate migomba yake iliyozaa vizuri ili shamba lake lisiwapite majirani.

Nimesikia watetezi wa kanuni wakisema kwamba kijana aliyepanda hafai kubaki chini, apande daraja. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kule juu kungekuwa na nafasi za kutosha na kama kijana wa miaka 17 angekuwa tayari kwa sababu tu hesabu imesema hivyo. Wengi hupandishwa mapema, wanashika mkia kwa miezi mitatu, wanapoteza wadhamini, na hatuwasikii tena. Wengine huendesha kwa klabu mbili za madaraja tofauti, ratiba zinapogongana klabu ya chini inabaki na pengo linalozibwa na mgeni wa kuazima, na mtazamaji aliyelipa kumwona kijana wa mtaani kwao anamkuta mtu asiyemjua amevaa jezi yake. Klabu iliyomfundisha, kwa taabu yake yote, huambulia picha yake ukutani.

Poland, ambako spidwei hujaza viwanja, walitatua jambo hili kwa lazima badala ya hisani. Katika Ekstraliga, ligi kuu ya huko, kila timu hupanga vijana wawili wa Kipoland wasiozidi miaka 21, na mbio ya pili ya kila mechi ni ya vijana hao peke yao, kwa hiyo klabu isiyo na shule ya vijana inaanza mechi ikiwa imekwishashindwa. Bartosz Zmarzlik alikulia katika nafasi hizo akiwa na klabu ya Gorzów kabla ya kuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya 2019 na 2025. Ni kweli kwamba Wapoland wana fedha za televisheni, na miji yao hutoa viwanja na ruzuku ambazo halmashauri za hapa haziwezi kuota. Lakini kanuni ya kupanga vijana haigharimu halmashauri hata senti moja. Uingereza imeanza kuiga kwa kutenga nafasi ya Rising Star, yaani ya mwendeshaji chipukizi, katika daraja la juu, jambo ninaloliunga mkono, ila nafasi moja kwa kila klabu katika ligi yenye klabu chache haiwezi kupokea mazao ya daraja zima.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kijana aliyepewa mbio zake za kwanza za ligi na klabu fulani ahesabiwe katika klabu hiyo kwa wastani aliouanza nao, kwa misimu mitatu, hata akipanda kiasi gani. Akihamia kwingine, ahesabiwe kwa wastani wake halisi. Na klabu ya juu inayompanga ilipe kila anapokwenda njiani, si mara moja tu wakati wa kusaini, sehemu ndogo ya malipo ya pointi zake kwa klabu iliyomwanzisha, mpaka afikishe miaka 23. Soka lina utaratibu wa fidia ya malezi unaofanana na huo, na klabu za Afrika Mashariki zinazouza wachezaji nje zinaujua umuhimu wake. Zipo klabu zitakazojaribu kusajili kila mtoto anayepita ili kujipatia haki hizo bila kumfundisha, na dawa yake ni kudai idadi ya chini ya mbio alizopewa kabla haki haijatambuliwa.

Mabadiliko ya kanuni hujadiliwa na mapromota wenyewe, yaani wanaosimamia klabu, msimu unapomalizika, na wenye sauti kubwa mle ndani ni wale wanaopokea vijana waliokwisha kufundishwa. Ningependa kuona mikutano hiyo ikiwapa klabu za daraja la tatu kura sawa katika masuala ya wastani, na ningependa kurasa zetu za michezo, zitakapoandika tena kuhusu medali za Manchester, ziwaulize washindi walianzia klabu gani na kama klabu hiyo bado ipo.

Ni mimi msomaji wenu,
Manchester, Uingereza